Mimba iliingia lini? Njia tano za kurudi nyuma kutoka tarehe ya matarajio, na ipi imfae nani

Kadi ya kliniki imeandikwa tarehe ya matarajio ya kujifungua: 10 Juni 2026. Swali linalofuata halimo kwenye kadi, na wengi hawaliulizi mbele ya nesi: sasa hii mimba iliingia lini? Wapo wanaouliza kwa sababu walikuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango na hawaelewi ilishikaje. Wapo waliomeza dawa kabla hawajajijua. Wapo ambao mume alikuwa safarini, na ukweni kuna wifi mwenye kalenda. Wengine wanataka kujua tu, na hilo nalo ni haki yao.

Njia za kupata jibu ni kadhaa na hazitoi jibu moja. Kabla ya kuzilinganisha, lishike hili: tarehe ya matarajio haikushuka yenyewe. Kuna mtu aliikokotoa kutokana na kitu fulani, ama hedhi uliyomtajia, ama picha ya altrasaundi, ama mkono wa mkunga juu ya tumbo. Ukirudi nyuma kutoka kwenye tarehe hiyo unarudi pale pale ilikotoka, na makosa yake unayabeba yote. Kwa hiyo swali la kwanza kwa nesi liwe, "Hii tarehe mmeipata kwa kutumia nini?" Jibu lake lina uzito kuliko hesabu yoyote utakayoifanya baadaye.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: inahitaji uwe na nini mkononi, inaweza kukosea kwa siku ngapi, gharama na upatikanaji wake (kipimo kizuri kilichopo mjini tu hakimsaidii aliye mbali na mji), na inamfaa nani.

"Mimba kuingia" hapa ni siku yai lilipokutana na mbegu. Siku ya tendo si lazima iwe hiyo hiyo. Mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano zikisubiri yai, ilhali yai likishatoka halimalizi saa 24. Ndiyo maana tendo la Jumatatu linaweza kuleta mimba ya Ijumaa. Baada ya hapo hupita siku kama 6 hadi 12 kabla mimba haijajishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, na kipimo cha mkojo hakioni kitu mpaka hapo. Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua hapa chini itakupa kipindi. Anayekutajia siku moja kwa uhakika, muulize ameipataje.

Zile wiki mbili zinazozua ugomvi

Hospitali huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Siku hiyo mwanamke hana mimba, yuko hedhini. Yai litatoka wiki mbili hivi baadaye kama mzunguko wake ni wa siku 28. Hesabu iliwekwa hivyo kwa sababu hedhi inaonekana na yai halionekani. Hapo ndipo zinapotoka wiki 40, yaani siku 280. Ukitoa wiki mbili za mwanzo zinabaki siku 266, na hizo ndizo siku za mimba yenyewe tangu itungwe.

Nyumba nyingi zimewaka moto kwa wiki hizo mbili. Mume kateremka kutoka Muscat wiki sita na siku chache zilizopita. Karatasi ya altrasaundi inasema mimba ina wiki 8 na siku 1. Anahesabu kwa vidole, anaona wiki mbili zimezidi, sauti inabadilika. Lakini ukiondoa zile wiki mbili za hesabu ya hospitali, mimba ina wiki 6 na siku 1 tangu itungwe. Inaangukia siku zile zile alizofika. Karatasi haikumshtaki mtu, imesomwa vibaya. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye makala hii nzima kabla hujaifunga, chukua hiki.

Na usigawanye 40 kwa nne ukapata miezi kumi. Mwezi wa kalenda una zaidi ya wiki nne, hivyo wiki 40 ni miezi tisa na wiki moja hivi. Wanaohesabu kwa mwezi mwandamo wana bahati: miezi tisa ya mwandamo ni takriban siku 266, karibu sawa kabisa na mimba tangu siku ya kutungwa.

Njia ya kwanza: kutoa siku 266 kwenye tarehe ya matarajio

Inahitaji nini. Tarehe ya matarajio na kalenda. Njia ya mkato ni kutoa miezi tisa, kisha kuongeza siku saba. Kwa 10 Juni 2026: rudi miezi tisa, unapata 10 Septemba 2025, ongeza siku saba, 17 Septemba. Ukitaka kujua kadi inadhani hedhi yako ilianza lini, rudi miezi tisa kisha toa tena siku saba: 3 Septemba. Kwa kuwa miezi haina urefu sawa, mkato huu hupishana na siku 266 kamili kwa siku moja hadi tatu katika baadhi ya miezi. Kanuni inayogeuzwa hapa inaitwa kwa jina la Franz Karl Naegele, daktari wa uzazi wa Ujerumani aliyefundisha Heidelberg karne ya 19. Yeye alikwenda mbele: chukua hedhi, ongeza siku saba, toa miezi mitatu, ongeza mwaka. Gurudumu la karatasi ambalo manesi hulizungusha pale kliniki linafanya hesabu hiyo hiyo.

Inakosea kiasi gani. Haina kosa la kwake, inarithi. Tarehe iliyotokana na altrasaundi ya mapema itakupa jibu lenye kosa la siku tano hadi saba. Tarehe iliyotokana na hedhi ya kukisia itakupa kisio.

Kuna mtego mmoja ambao watu hawauoni: usihesabu kutoka siku mtoto aliyozaliwa. Tarehe ya matarajio ni hesabu, siku ya kuzaliwa ni tukio, na watoto wachache mno huzaliwa tarehe ile ile iliyoandikwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia wanawake ambao siku ya yai lao kutoka ilijulikana kwa vipimo vya mkojo, ulikuta kwamba hata baada ya kuwaondoa waliojifungua kabla ya wakati, urefu wa mimba ulipishana kwa wiki tano hivi kati ya mwanamke na mwanamke. Sasa mtu anachukua siku ya kuzaliwa, anatoa miezi tisa, anahukumu ndoa. Kama mtoto ameshazaliwa, tafuta kadi ya zamani na urudi nyuma kutoka tarehe ya matarajio iliyomo.

Gharama. Bure.

Inamfaa nani. Mwenye tarehe ambayo chimbuko lake linajulikana na ni zuri. Pia aliyetaka tu kujua mwezi.

Njia ya pili: hedhi ya mwisho na mzunguko wako mwenyewe

Inahitaji nini. Tarehe ya siku ya kwanza ya kuona damu, na kujua mzunguko wako ni wa siku ngapi. Siku ya kwanza, si ya kumaliza. Wengi hutaja siku waliyooga wakatoharika, na hapo siku tano au sita zimeshapotea.

Hii inaonekana kama ile ya kwanza lakini si hiyo. Gurudumu la kliniki linadhani kila mwanamke ana mzunguko wa siku 28. Wewe unajua wako. Kipande cha mzunguko kinachobadilika zaidi ni kile cha kabla ya yai kutoka. Cha baada yake hukaribia siku 14 kwa wengi. Kwa hiyo chukua urefu wa mzunguko wako, toa 14, na jibu ndiyo siku ya mzunguko ambayo huenda yai lilitoka. Mwenye siku 28 ni kama wiki mbili baada ya hedhi kuanza. Mwenye siku 35 ni wiki tatu. Mwenye siku 24 ni siku kumi tu.

Rudi kwenye mfano wetu. Hedhi ilianza 3 Septemba 2025. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 mimba iliingia karibu na 17 Septemba. Kwa mwenye mzunguko wa siku 35 iliingia karibu na 24 Septemba, na tarehe yake halisi ya matarajio ni 17 Juni wala si 10. Wiki nzima imepatikana bila kipimo chochote, kwa kumwambia nesi sentensi moja ambayo mara nyingi haulizwi.

Inakosea kiasi gani. Kwa mwenye mzunguko wa kuaminika, kadiria wiki moja huku na huku. Kwa ambaye siku zake huruka, leo 26, mwezi ujao 40, njia hii haifai hata kama tarehe anaikumbuka vizuri.

Kumbukumbu nayo ni tatizo la pekee yake. Ukimuuliza mtu hedhi ilianza lini, tarehe 1, 15 na 20 hutajwa sana, na yai halijui tarehe za duara. Tafuta kitu cha kuifungia: harusi uliyoikosa raha, siku ya mshahara, safari. Waislamu wana kumbukumbu nzuri kuliko kalenda ya simu, kwa sababu saumu iliyokatika kwa hedhi ni deni. Aliyeacha kufunga kuanzia Ramadhani 12 hadi 18 anajua siku zake kwa hesabu, maana zinamngoja kulipwa.

Kuna damu inayodanganya pia. Wengine huona matone karibu na wakati hedhi ingekuja, ilhali mimba imeshaingia. Wakiihesabu kama hedhi, mimba inaonekana changa kwa mwezi mzima. Kama hedhi ya mwisho ilikuwa hafifu au fupi kuliko kawaida yako, mtajie nesi na ile ya kabla yake.

Na kuna wanaoangushwa kabisa na njia hii. Aliyekuwa kwenye sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa muda mrefu bila hedhi baada ya kuacha, na rutuba inaweza kurudi kabla hedhi haijaonekana. Anayenyonyesha vivyo hivyo: yai la kwanza baada ya kujifungua linaweza kutangulia hedhi ya kwanza, ndiyo maana mtu hushika mimba "bila kuona siku zake". Aliyetoka kwenye vidonge mwezi uliopita, damu aliyoiona mwisho huenda ilikuwa ya vidonge.

Gharama. Bure, ila inadai nidhamu ya kuandika.

Inamfaa nani. Mwenye mzunguko usioruka, aliyeandika tarehe, ambaye hajatumia dawa za homoni miezi michache iliyopita na hanyonyeshi.

Njia ya tatu: altrasaundi ya mapema

Inahitaji nini. Picha iliyopigwa kabla ya kutimiza wiki 14 kwa hesabu ya hospitali, na karatasi yake. Kipindi hicho mtoto hupimwa kutoka utosini hadi makalioni. Kwenye karatasi tafuta herufi CRL na namba ya milimita mbele yake. Milimita 10 ni wiki 7 hivi. Watoto wadogo namna hiyo hukua kwa mwendo unaokaribiana sana, awe wa mama mrefu au mfupi, awe atakuja kuwa na kilo mbili na nusu au nne. Ndiyo siri ya usahihi wake. Baadaye kila mmoja hufuata mwili wake.

Kurudi nyuma ni rahisi. Tuseme picha imepigwa 5 Novemba 2025 na karatasi inasema wiki 9 kamili. Toa wiki mbili, zinabaki saba. Rudi wiki saba kutoka 5 Novemba: 17 Septemba. Angalia tarehe ya kupigwa picha juu ya karatasi, usitumie tarehe ya leo. Kosa hilo hutokea kuliko unavyodhani, hasa karatasi ikisomwa wiki tatu baadaye na mtu mwingine.

Inakosea kiasi gani. Siku tano hadi saba kila upande. Kwa mfano wetu mimba iliingia kati ya 10 na 24 Septemba. Ukitaka siku za tendo, ongeza zile siku tano za mbegu mwanzoni: 5 hadi 24 Septemba. Nafasi ni pana hivyo kwa kipimo kilicho bora kuliko vyote ambavyo mtu wa kawaida atavipata, na ni vizuri ujue hivyo kabla hujaifanya karatasi kuwa shahidi.

Gharama na upatikanaji. Hapa ndipo inapokwama. Zahanati nyingi hazina mashine. Unapelekwa kituo cha afya au hospitali, au unalipa kwa mtu binafsi mjini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apigwe altrasaundi moja kabla ya wiki 24, lakini kwa kazi hii ya kukisia mwanzo, wiki 24 ni kuchelewa. Na wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, tumbo likishaonekana, wakati nafasi hii imeshapita. Ujuzi wa mpimaji nao una uzito wake. Kipimo cha milimita kinataka mkono uliotulia.

Inamfaa nani. Yeyote anayeweza kuipata kwa wakati. Kwa asiye na tarehe ya hedhi ya kuaminika ndiyo tegemeo.

Njia ya nne: tumbo, mateke ya kwanza na altrasaundi ya mwishoni

Nimeziweka pamoja kwa kuwa zote hukisia umri kwa ukubwa au dalili, na zote hutumika pale zilizotangulia zinapokosekana.

Zinahitaji nini. Mkono wa mkunga na futi ya kupimia. Mji wa mimba huanza kushikika juu ya mfupa wa kinena karibu na wiki 12, hufika kitovuni karibu na wiki 20, na karibu na wiki 36 unakuwa chini ya chembe cha moyo. Baada ya wiki 24 sentimita kutoka kinenani hadi juu ya mji wa mimba hukaribia idadi ya wiki. Upande wako wewe mama, kumbuka mtoto alianza kucheza lini: kwa mimba ya kwanza ni wiki 18 hadi 20 hivi, kwa aliyewahi kuzaa ni 16 hadi 18. Altrasaundi ya kipindi hiki hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja.

Zinakosea kiasi gani. Picha ya kati ya wiki 16 na 22 inaweza kuachana na ukweli kwa siku kumi hivi, ya wiki 22 hadi 28 kwa wiki mbili, na kuanzia wiki 28 kwa wiki tatu. Futi ya mkunga hudanganywa na mapacha, uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, maji mengi, unene, hata kibofu kilichojaa. Mateke ya kwanza hudanganywa na gesi.

Hapa pana mkanganyiko unaowachosha wengi. Mama ana karatasi tatu, na kila moja ina tarehe yake ya matarajio: ya mwezi wa pili, ya mwezi wa sita, ya mwezi wa nane. Anadhani ya karibuni ndiyo sahihi zaidi kwa sababu mtoto anaonekana vizuri zaidi. Ni kinyume chake. Mashine inaangalia ukubwa wa mtoto siku hiyo na kuulinganisha na wastani. Mtoto mdogo kwa asili, au asiyekua vizuri, anaonekana mchanga, na tarehe inasogea mbele. Tarehe ya karatasi ya kwanza ndiyo ya kukaa nayo. Zinazofuata zinaeleza kama mtoto anakua, na kwa kazi hiyo ni muhimu sana.

Gharama. Mkono wa mkunga uko kila mahali penye kliniki. Hiyo si sifa ndogo.

Zinamfaa nani. Aliyechelewa kuanza kliniki na hana tarehe yoyote. Zitamwambia mwezi, zisilazimishwe kusema siku.

Njia ya tano: siku unayoijua mwenyewe

Inahitaji nini. Ushahidi wako: ulikutana na mwenzako mara moja tu mwezi ule, ama ulikuwa ukipima mkojo kwa vile vijiti vinavyoonyesha yai linakaribia kutoka, ama ulikuwa ukifuatilia ute unaovutika kama wa yai bichi, ama mimba ilipandikizwa hospitali.

Inakosea kiasi gani. Ya kupandikiza ndiyo kiboko: siku imeandikwa. Kiinitete cha siku tano kikiwekwa, tarehe ya matarajio ni siku 261 baadaye, na siku ya kutungwa ni tano kabla ya kuwekwa. Kijiti kikionyesha ndiyo, yai hutoka ndani ya siku moja au moja na nusu hivi kwa kawaida. Tendo moja likijulikana, mimba iliingia siku hiyo au ndani ya siku tano zilizofuata. Ute peke yake unakupa siku chache tu za kukisia.

Gharama. Kuanzia bure hadi pesa nyingi sana, kutegemea ni ipi.

Inamfaa nani. Waliokuwa wakiitafuta mimba, na wanandoa wanaoishi mbalimbali. Ukiwa na siku unayoijua, ipeleke kliniki. Watu huificha kwa aibu na kuacha kadi iandikwe kisio.

Zikigombana, ipi isikilizwe?

Hedhi inasema hivi, picha inasema vile. Madaktari hawabadilishi tarehe kwa kila tofauti, wana mipaka. Mwongozo unaotumika Marekani, ambao mantiki yake utaikuta kwa madaktari wengi, ni huu: kabla ya wiki 9, kama picha inapishana na hedhi kwa zaidi ya siku tano, fuata picha. Kati ya wiki 9 na chini ya 16, mpaka ni siku saba. Wiki 16 hadi chini ya 22, siku kumi. Wiki 22 hadi chini ya 28, siku 14. Kuanzia 28, siku 21. Tofauti ikiwa ndani ya mpaka, tarehe ya hedhi inabaki. Kwa hiyo ukiona kwenye kadi yako picha na hedhi vinatofautiana kwa siku tatu na nesi hajashtuka, hajazembea.

Kwa hali yako

Uliandika hedhi, mzunguko wako hauruki, na una picha ya mapema inayokubaliana nayo: tumia njia yoyote kati ya tatu za mwanzo, jibu litakuwa lile lile. Picha nyingine kwa ajili hii tu ni kupoteza pesa.

Siku zako huruka, au ulitoka kwenye sindano, kipandikizi au kunyonyesha: usibishane na kumbukumbu. Tafuta altrasaundi mapema iwezekanavyo, hata kama ni kukopa nauli ya kwenda mjini. Wiki ya 8 hadi 13 ndiyo nafasi yako.

Ulimeza dawa au ulipigwa eksirei kabla hujajua: hapa siku chache zina maana, kwa sababu viungo vya mtoto hujengeka hasa kati ya wiki ya 5 na ya 10 kwa hesabu ya kadi. Chukua tarehe ya dawa, jina lake na karatasi ya picha ya mwanzo, umpe daktari afanye hesabu. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa kuogopa kalenda yako mwenyewe.

Mume alikuwa safarini: toa kwanza wiki mbili za hospitali, kisha ongeza siku tano za mbegu na siku tano hadi saba za kosa la picha. Kama siku alizokuwepo zinaingia humo, hesabu haimpingi mtu. Kama picha pekee mliyo nayo ni ya mwezi wa saba au wa nane, hesabu haina la kusema.

Swali ni nani baba kati ya wawili, na siku ulizokutana nao zilipishana kwa wiki mbili au chini: njia zote tano haziwezi kuwatenganisha, na yeyote anayekuambia mashine ya altrasaundi inajua anakudanganya. Hilo ni la vinasaba. Tanzania vipimo hivyo vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009 na hufanyika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi hupitia njia rasmi kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii, si kujipeleka tu na mtoto mgongoni. Kenya nako, kifungu cha 118 cha Sheria ya Ushahidi humchukulia mtoto aliyezaliwa ndani ya siku 280 tangu ndoa kuvunjika, mama akiwa hajaolewa tena, kuwa wa ndoa ile. Tazama kwamba siku 280 za sheria zinaanzia ndoa ilipovunjika, za kliniki zinaanzia hedhini, usizichanganye.

Umefika kliniki mwezi wa saba na huna tarehe yoyote: mwambie mkunga mtoto alianza kucheza lini na hedhi ya mwisho ilikuwa karibu na tukio gani, apime tumbo, upigwe picha. Mkipata "kati ya mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Oktoba", iandikwe hivyo hivyo kwenye kadi. Na mkoba wa kwenda kujifungulia uwe tayari kwa tarehe ya mapema kati ya hizo, si ya katikati.